Kurasa Saba za Kliniki ya Masikio

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya masikio siku hizi hawataki kuona sura ya mtu. Nafasi inaombwa kwenye tovuti, fomu ya kurasa saba, mwisho Ijumaa. Ukikosa, miezi sita! Mwanangu ana minane tu. Jana mfuniko wa sufuria ulianguka nyuma yake — mimi niliruka, yeye akaendelea kutafuna kijiko.

Nimejaza jina lake, siku aliyozaliwa, uzito. Ukurasa wa pili: “Kikao chako kimekwisha. Anza upya.” Nimeanza. Mara nne! Kila mara inaniuliza mimi nani. Hata mlevi humkumbuka aliyemsalimia sasa hivi.

Mama mkwe anasema mtoto haumwi, ana kiburi cha ukoo wao. Eti babake naye haitiki akiitwa. (Hilo kweli.)

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja. Tunamwita Injinia — alisomea kompyuta wiki sita, anatembea kama aliyeizaa yeye. Kaniambia kompyuta ya kliniki haimkumbuki mtu. Kila ukurasa unaotuma, wewe mgeni. Ndiyo maana inakupa namba, simu yako inaitunza, na ulichojaza kinawekwa kwenye kisanduku cha namba hiyo. Ukirudi na namba, kisanduku kinafunguliwa.

Nimeelewa. Kama kuacha mkoba mlangoni mwa duka ukapewa kibao. Basi kibao changu kiko wapi? Akasema labda shemeji unabonyeza vibaya. Mimi!

Jumatano, 5 Machi

Mara kumi na tatu. Bado ukurasa wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Wala si yangu. Dada wa duka la simu kaishika simu yangu dakika moja, akauliza: nani kaizuia hii isitunze namba za tovuti? Nani! Injinia. Mwezi uliopita alisema anaifunga “kwa usalama”. Kila kibao nilichopewa simu imekitupa, nami narudi mikono mitupu kudai mkoba.

Dada kairekebisha. Kanionya: ukikaa kimya dakika kumi, kisanduku kinamwagwa. Dakika kumi! Aliyepanga hayo hajawahi kunyonyesha.

Nimemwambia Injinia. “Usalama kwanza, shemeji.” Nyani haoni kundule.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Kila wanachoweza kuuliza nimekiandika kwanza kwenye karatasi, nisipoteze muda. Mtoto kapakatwa na mama mkwe, hapa kando yangu. “Haya, kajaze wasiwasi wako,” kasema, anacheka.

Ukurasa wa pili — jina lake lipo! Wa tatu, lipo. Leo unanijua, kichwa maji wewe!

Wa sita: “Mtoto hugeuka akiitwa?” Hilo sikuwa nimeliandika kwenye karatasi. Kidole kimesimama. Dakika moja. Tatu. Mama mkwe kauliza, mbona kimya, imekusahau tena? Nimemsomea swali. Kamtazama mtoto. Dakika ya saba nimembusu mwanangu utosini, nikabonyeza “Hapana”.

Wa saba. Nimetuma. Kiduara kinazunguka, naandika huku nangoja. Kinazunguka tu — hata kukubali wanajivuta!

Mama mkwe hacheki tena. Kamweka mtoto mkekani, kaenda nyuma yake kimyakimya. Anapiga makofi.

Anapiga tena.