Sweta Tatu Kifuani

"Mama, huyo mtoto anapumua au anahema?" Unakumbuka nilikwambia jirani yangu, yule fundi cherehani, aliniuliza hivyo juzi? Nikamjibu ni mafua tu. Mafua tu, mwenzangu!

Niko hospitali na mjukuu wangu.

Nilimvika sweta tatu na shuka juu, najua namkinga baridi. Daktari akavua zote. Ya Rabi! Kila akivuta pumzi kifua kinabonyea ndani, mbavu unazihesabu. Siku mbili kinabonyea chini ya sweta zangu, nami nimekaa pembeni nasali!

Ni nimonia. Daktari kasema mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, na sasa vimejaa maji na usaha, hewa haina pa kuingia. Kawekewa oksijeni puani. Daktari kasema tusubiri, hajaahidi kitu.

Mwanangu, baba yake, kafika mbio kutoka kazini.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi? Na jana kwenye simu ukaniambia anacheza?"

"Sikutaka kukutia hofu, baba. Nilimwachia Mungu."

Kanitazama. Kamshika mtoto mguu kidogo, kisha katoka wodini.