Vinara Vyenye Alama za Nyundo

Shikamoo Baba,

Huku Johannesburg baridi inauma, lakini leo hata sikuisikia! Katika duka la vitu vya kale, Kensington, nimekuta vinara viwili vya mishumaa, vya chuma, vilivyofuliwa kwa mkono zaidi ya miaka mia iliyopita. Vimejaa alama za nyundo, kama vyako kabla hujavisugua kwa tupa.

Nikamwambia muuzaji, mama wa Kikongo, "Fundi huyu hakumaliza kazi."

Akacheka. "Eish, dada, hizo alama ndizo watu wanazozifuata! Zingesuguliwa, nisingeviweka dirishani."

Baba, miaka yote hii unazifuta alama za mkono wako ili kazi ifanane na ya kiwandani! Vile vinara unavyolifulia kanisa sasa, usivisugue. Nikifika Jumamosi, tupa naificha mimi.

Nakupenda sana,
Neema