Wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

"Mkimbizi hana urithi, ana safari tu." Ni Kaka Elize, katibu wa jumuiya yetu ya Wakongo, jana baada ya ibada, mdomo umejaa sambusa zangu. Upuuzi. Safari huanzia mahali, na mahali huwa na watu. Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Akacheka: "Basi, dada Furaha, tuonyeshe huo urithi." Nikakosa cha kuonyesha. Hilo ndilo linaloniuma.

Leo kazini, Silver Spring, hapa Marekani. Nimemwogesha Bi Margaret, nimempa uji. Barua imefika kutoka kijijini kwake, pwani ya Uingereza. Kijiji kidogo hivyo, kina chumba cha kumbukumbu! Wametuma picha ya zamani: wanawake tisa wanavuta kwa kamba mashua ya kuokolea watu, waishushe baharini. Wanane wana majina. Wa tatu kutoka kushoto hana. Wanamwuliza yeye, maana wa rika lake wote wamekufa. Akajibu papo hapo: Edith Pell, mshona nyavu. Mikono yake inatetemeka, nikamwandikia jibu mimi.

Nimeona wivu. Marehemu mmoja, anatafutwa mpaka ng'ambo ya bahari.

Jumanne, 4 Machi

Barua ya jibu sijaitia posta. Bahasha iko mkobani. Sina sababu yenye heshima.

Jumatano, 5 Machi

Bi Margaret ameuliza kama barua imekwenda. Nimesema ndiyo. Nimemdanganya kikongwe kwa sababu kijiji chake kinapendwa.

Mimi pia nina picha. Wanawake wa kwetu, milimani juu ya Uvira, matofali ya zahanati vichwani. Kumi na mmoja. Namjua mama tu. Nani amewahi kuniuliza? Hakuna. Mimi nimemwuliza nani? Hakuna. Swali la pili sikulipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Margaret ameishika ile picha asubuhi nzima. Kisha: "Furaha, huyu wa tatu ni nani?" Nilidhani ananitania. Hapana. Nikamtajia jina. Akafurahi kama anayelisikia mara ya kwanza.

Kumbe jina lilikuwa limebaki kwangu tu. Kwangu, mwenye wivu! Aibu ilinitoa jasho. Nimemvalisha koti, nimesukuma kiti chake hadi kwenye sanduku la posta. Njiani nimekiri. Akasema nisukume upesi, kuna baridi. Bahasha ameitumbukiza mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimeendesha hadi Manassas, kwa mama mdogo. Mlangoni tu: "Umeleta picha, hata ndizi hukuleta?" Akavaa miwani. Akaanza kutaja, kidole kikitembea. Kwa mmoja akasita, akacheka. "Huyu? Hakubeba hata tofali moja. Lile aliazima, apigwe picha."

Majina kumi, kwa penseli, nyuma ya picha. Wa mwisho kulia, mama mdogo alimgusa uso muda mrefu, akatikisa kichwa: jina limempotea.

Chai imepoa. Nimewatumia jumuiya picha, na maneno haya:

Ninyi mliozaliwa na wabeba matofali, na wewe Kaka Elize: huyu wa mwisho kulia ni nani? Waulizeni mama zenu leo, wangali wanajua.