Simu ilimwambia Shangazi afunge macho

Jumapili, jioni. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Shajara yangu, niliahidi kukuandikia kuhusu mtihani wa hesabu. Mtihani usubiri. Leo moyo wangu ni mzito.

Shangazi Aziza, dada wa baba, ameomba kazi ya kutunza stoo ya dawa katika shirika moja hapa Kindu. Ana diploma, na alitunza dawa za kituo cha afya huko Lokandu mpaka kikafungwa. Lakini shirika hilo halipokei tena watu langoni. Unaomba kwa simu, na simu ndiyo inayochagua.

Maswali yote aliyajibu. Mwishoni akatakiwa aweke uso ndani ya duara, afunge macho, kisha afungue.

Jicho lake la kushoto halifungi.

Wakati wa vita, akiwa na umri kama wangu, kipande cha bomu kilimpasua shavu akikimbia. Tangu hapo upande ule wa uso hausogei. Hata usingizini jicho linabaki wazi.

"Funga macho," simu ikaandika. Akafunga. Ikaandika tena: "Funga macho."

Tulikuwa kwa kijana anayechaji simu, maana mtandao ni mzuri pale. Akacheka: "Mama, funga yote mbili! Usikonyeze mashini!"

"Ingekuwa mwanaume, ningemukonyeza muzuri," Shangazi akajibu. Wateja wote wakacheka, hata mimi.

Kisha maandishi yakatokea: haikuwezekana kuthibitisha kwamba mbele ya simu kuna mtu aliye hai. Ombi limefungwa.

Shangazi akazima simu, tukaondoka.

Njiani nikamwambia tujaribu upya, niweke uso wangu. Macho yangu yanafunga vizuri. Akaniuliza: "Na siku ya kazi, utaenda weye?"

Akikosa kazi hii atakwenda kulima huko Obokote, mbali na hapa. Sijui nani atanifundisha jioni kama yeye.

Mwalimu wetu husema mashine haina chuki. Labda ni kweli. Lakini aliyeitengeneza hakumfikiria mtu kama Shangazi, na leo sioni tofauti.

Kesho asubuhi tutaenda langoni kwao, ingawa tumeambiwa hawapokei watu. Nitakosa saa ya kwanza ya darasa. Nimempigia pasi blauzi yake nyeupe. Mlinzi akiuliza tunataka nini, nimeshaamua la kusema: tunaomba mtu atoke nje, amtazame.