Kipande cha Pili

Shinyalu, Jumapili mchana

Mama,

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu tukuzike. Nimeandika hivyo kwenye shajara. Mahindi yamechanua. Kuku wako mweupe amehamia kwa jirani. Silii. Watu huniangalia kuona kama nitalia.

Ijumaa chama chenu cha kukopeshana kilileta sehemu iliyobaki ya mkopo wa nyumba yako. Nimetia sahihi kwa jina langu. Kwenye karatasi lipo lile neno lililokusumbua, "tranche". Nyumba ilipoezekwa ulinisukumia karatasi mezani: "Wewe ndiye umesoma. Hii ni nini?" Nikajibu bila kuinua macho, "Ni awamu, Mama. Ngoja awamu ya pili, sakafu ikiisha ndipo uhamie." Ukacheka, "Haya, mwalimu," ukarudi kulala kwenye moshi wa jiko la zamani.

Jana nililitafuta katika maktaba ya mjini. Ni la Kifaransa. Kwao ni kipande kilichokatwa, cha mkate au cha nyama. Watu wa benki wakalichukua kwa mkopo unaotolewa sehemu kwa sehemu. Nilisoma nimesimama. Nikakuona ukikata obusuma, ugali wetu, kwa mwiko, ukimfokea kaka: "Unangoja nini? Mtu anakulanga chenye kiko kwa sahani!"

Ningekuambia ni kipande, ungejua la kufanya. Kuta zilikuwepo, mabati yalikuwepo. Ungewasha moto wako mle siku ile ile.

Hukuwasha. Ulipoletwa kutoka hospitali, wazee walikataa jeneza liingie nyumba mpya. "Hajalala humo hata siku moja," walisema. "Nyumba isiyo na jivu lake si yake." Basi ukalala nje ya jiko, chini ya turubai, nyumba yako ikiwa hatua kumi tu. Senge, dada yake Baba, akaniuliza mbele ya watu, "Nani alimwambia angoje?"

Ni mimi. Nimeliandika hilo pia, na tarehe yake.

Fundi wa sakafu atakuja Jumatano. Sitamngoja. Jioni hii nitahamishia mafiga yako matatu ndani ya nyumba yako, niwashe moto juu ya udongo mtupu, nisonge obusuma, nikate. Kipande cha kwanza ni chako.

Lala sasa, Mama. Sitakuambia tena ungoje.

Mwanao,
Khasandi