Suruali ya Mpiga Gitaa

4 Januari

Shemeji,

Kwa heshima na taadhima, wakubwa kwa wadogo, walio macho na wanaosinzia, natangaza rasmi kwamba baiskeli yangu imepata kengele mpya. Nimeing'arisha kwa dawa ya meno. Sherehe fupi ilifanyika uani. Dada yako alihudhuria, akaguna, akarudi ndani.

Baada ya hayo, hujambo? Watoto hawajambo? Goti lako bado linatabiri mvua? Sisi huku wazima, ila mimi nimezidi kiuno. Mke wangu, huyo dada yako, anasema nikitaka kupita mlangoni nipige hodi kwanza ili vyombo vijiandae.

Sasa tuingie kwenye jambo. Wikiendi yetu ya kiangazi ni tarehe 20 na 21 Februari. Jumamosi bendi yako inapiga uwanjani, Jumapili asubuhi mbio za baiskeli, mizunguko mitano, marafiki walewale na vitambi vyao vilevile. Najua ya mwaka jana umeyasahau. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwenye kona ya dimbwi ulinipiga kiwiko, nikaingia majini mzima mzima na baiskeli yangu, bata wakanipisha. Hilo ningesamehe. Lakini ulipomaliza mbio ulishika gitaa, ukatunga palepale wimbo wa bata, na uwanja mzima ukaitikia, "Kwak! Kwak!"

Miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya cherehani nikiitwa Fundi. Sasa mteja anaingia na kitambaa chake, anauliza, "Bata yupo?" Juzi mama mmoja, wa heshima zake kabisa, aliyeniletea gauni la harusi la binti yake, kaniambia, "Bata, usililowanishe." Nalitaka jina langu, shemeji. Nitalichukua kwako, na mbele za watu.

Shemeji yako,
Fundi (si yule ndege)


13 Januari

Shemeji Bata,

Salamu nyingi kama manyoya yako. Huku hatujambo, na goti linatabiri kuliko redio.

Barua yako nimewasomea wenzangu mazoezini. Mpiga ngoma kacheka mpaka kaangusha vijiti. Tumeogopa wote, hasa hiyo kengele. Na kiwiko gani, shemeji? Kona ilikuwa nyembamba na wewe ulikuwa mpana.

Ukimaliza hasira, nina ombi. Bendi inataka sare mpya, suti nne za bluu. Fundi wa huku anashona kama anafunga magunia. Utani ni utani na kazi ni kazi: kwenye sindano hakuna anayekufikia. Vipimo nimeviambatanisha. Yangu iachie nafasi mapajani. Unajua kwenye wimbo wa mwisho huwa naruka na kupiga msamba, na watu wanakuja kwa ajili hiyo.

Msalimie dada.

Shemeji yako,
Mpiga Gitaa


5 Februari

Shemeji yangu mpenzi,

U hali gani? Nyumbani wote wazima? Mimi mzima wa afya, na hasira zimeisha. Nimekua.

Sare zinakuja na dereva wa basi la asubuhi. Tatu ameshona mwenzangu wa dukani. Yako nimejifungia nayo chumbani mwenyewe, sikutaka mkono mwingine uiguse. Kila mshono niliupitia nikikufikiria wewe.

Usiijaribu mapema, kitambaa hiki kinapenda kuvaliwa siku yake. Nina ombi moja tu. Jumamosi, kwenye wimbo wa mwisho, ruka. Ruka sana. Nitakaa mstari wa mbele.

Dada yako anauliza kwa nini nacheka peke yangu.

Shemeji yako,
Fundi


24 Februari

Shemeji,

Pole. Pole tena. Natumai maumivu yamepungua na hospitali wanakuangalia vizuri. Sisi huku wazima.

Kombe la mbio ni la bati, limeandikwa "Mshindi". Nilitaka nikutumie picha, dada yako amekataa kuipiga. Leo yule mama wa gauni kaingia dukani, kasema, "Hujambo, Fundi?" Fundi! Kinyozi wa jirani, kwak-kwak mkubwa wa mtaa huu, kaniita Fundi mara mbili kabla ya chai. Basi. Ndicho nilichokitaka.

Ajali haina kinga. Ukipata nafuu, andika. Sina mengi, kichwa kinaniuma kidogo.

Shemeji yako,
Fundi


16 Machi

Shemeji Fundi,

Hamjambo wote? Samahani kwa mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia una plasta kutoka vidoleni mpaka kiwikoni, kiwiko kilekile ulichonilalamikia. Daktari anasema kifundo kimevunjika mahali pawili; plasta wiki tatu zaidi, halafu "tutaona". Hiyo "tutaona" ndiyo inayonikosesha usingizi. Bendi imepata mpiga gitaa wa muda. Anapiga vizuri, shetani yule.

Sikulaumu. Nilijitakia mwenyewe: nani anaendesha baiskeli kavaa suruali ya jukwaani? Jumamosi sikuruka kwa sababu goti lilikuwa linalalamika, nikalitunza kwa ajili yako. Na Jumapili nilitaka nikushinde nikiwa nimevaa kazi ya mikono yako, watu waone vyote viwili. Kila anayeniuliza namwambia mshono haukuwa na kosa, ni mnyororo uliouvuta. Suruali nimeikunja, sijaitupa. Nikija nitakuletea uiunge.

Ule wimbo wa bata sitaupiga tena. Nikipiga tena.

Shemeji yako,
Mpiga Gitaa


9 Aprili

Shemeji,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli, si kwa mazoea. Barua yako imekaa chini ya cherehani wiki tatu.

Kabla hujaikunjua hiyo suruali, nisikilize. Mnyororo hauna kosa. Mshono wa ndani wa mguu, kutoka msambani mpaka gotini, sikuupitisha kwenye cherehani. Niliupiga bandi tu, ule mshono mrefu wa muda tunaoshikizia kitambaa kabla ya kushona, nikaupiga pasi ukapendeza. Nilitaka uruke Jumamosi, suruali ifunguke, na mimi nianzishe wimbo. Nilishautunga. Una beti tatu.

Hukuruka. Jumapili ukaja kwenye mstari wa kuanzia umeivaa. Na muda nilikuwa nao, shemeji. Mpiga filimbi wa kuanzisha mbio alikuwa bado anajipapasa mifukoni akiitafuta filimbi yake. Ukajipiga paja, ukaniambia, "Imenikaa kama ngozi!" Neno moja lingetosha. Nikakujibu kwa kengele.

Mzunguko wa pili nilikuwa nyuma yako, nikauona uzi mweupe unapepea. Nilifurahi. Wa nne, kitambaa kikaingia kwenye mnyororo, kona ileile, ila wewe hukuangukia majini, uliangukia ukingo wa mawe. Niliusikia mkono ukivunjika. Marafiki wote walishuka baiskeli. Mimi nilipita. Nilimaliza mzunguko na nusu peke yangu, nikainua mikono juu.

Dada yako ndiye aliyekufunga mkono kwa mtandio wake. Juzi nilimweleza yote. Alichukua kombe, akaliweka chini ya bomba la uani linalovuja.

Jana nikamwambia kinyozi, mbele ya foleni yake yote. Kufika saa sita mtaa mzima unajua. Yule mama kaja kuchukua gauni lake, akauvuta mshono mbele yangu kwa mikono miwili, aone kama utafunguka. Haukufunguka. Akaondoka bila kuaga.

Kwenye kifurushi hiki kuna suruali mpya, mshono mara mbili. Ivute nawe. Kuna pia kitambaa cha bluu kilichobaki, na vipimo vyangu: kiuno inchi arobaini na mbili, mguu thelathini, mapaja usiulize. Mkono ukipona, nishonee ya kiangazi kijacho. Mshono chagua wewe. Nitaivaa bila kuikagua, na nitaruka.

Shemeji yako,
Bata