Kofia ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 5 Oktoba 1968
Leo tena. Mimi natunga uzi, Bibi anadarizi. Kofia ni ya kaka Nassor, anaoa mwezi wa Shaabani. Kila mwanamume wa nyumba hii ameoa na kofia ya Bibi, na kabla yake ya mama yake Bibi, kule Unguja tulikotoka. Ua ni lile lile la asumini. Mama hajui kudarizi wala hataki kujua. Nimebaki mimi, na mimi natumia kushoto.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemwomba nitie ua moja tu. Amekataa.
"Hii kofia ya kusalia, mwanangu. Haidariziwi kwa mkono wa kutawazia."
Mama amecheka. Mimi sikucheka. Aliyenikalisha mbele yake tangu utotoni ni Bibi mwenyewe, nisimzibie mwanga. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto, nikafuata nilichokiona. Mtoto umleavyo, wanasema. Basi.

Jumapili, 13 Oktoba
Asubuhi kupaa samaki walioletwa kutoka Yiti. Mchana nimejilazimisha kudarizi kwa kulia, kwenye kitambaa kibovu. Nimejichoma vidole. Ua limetoka kama buibui. Bibi ametazama akasema neno lake la siku zote: "Fumua." Nimemchukia leo. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 22 Oktoba
Bibi ameanguka baada ya sala ya alasiri. Upande wa kulia umelala wote, mdomo umekwenda kombo. Daktari anasema tusubiri. Kofia iko nusu.

Alhamisi, 24 Oktoba
Mama ameamua itanunuliwa kofia sokoni Matrah. Nassor amekubali upesi, mno. Bibi amesikia. Amelia bila sauti. Hata siku tuliyotoka Unguja hakulia. Nikatoka nje.

Jumatano, 30 Oktoba
Anakula kwa kushoto, hana budi. Wali unamwagika. Mama akitaka kumlisha anafumba mdomo.
Baada ya adhuhuri ameomba kofia. Amejaribu mwenyewe. Sindano imemponyoka mara tatu, nne. Kisha amenipa mimi. Nikakaa mbele yake kama kawaida. Akatikisa kichwa, akapigapiga mkeka ubavuni kwake.
"Hapa. Nnataka kuuona mkono."
Nimedarizi mpaka magharibi. Mama alipita, akatutazama, akaenda zake jikoni.

Jumamosi, 2 Novemba
Kudarizi. Mgongo unauma. Maua mawili nimefumua mwenyewe kabla hajaniambia.

Alhamisi, 7 Novemba
Nassor ameoa. Kwa mbali kofia ni moja. Kwa karibu, nyuzi za nusu moja zimelalia huku, za nusu nyingine kule. Kabla hajaivaa, Bibi aliizungusha polepole kwa kidole. Kilipofika tulipopokezana kikasimama. Nilidhani atasema neno lake. Akampa Nassor akavaa.

Jumapili, 10 Novemba
Nyumba kimya, wageni wameondoka. Nimefagia ua, nimefua. Bibi ametaka kitambaa kibovu na sindano. Nimemtungia uzi. Tumekaa ubavu kwa ubavu, mikono miwili ya kushoto. Ua lake la kwanza limetoka kama buibui.
Nimemwambia afumue. Anafumua.